Kitasa Kilichoinama

Bibi Baridi hakupenda kuharakishwa, na Dkt. Yusta Ntibasigwa hakupenda kusubiri, kwa hiyo kila siku katika Nyumba ya Tando, maabara iliyo juu ya kilima cha Mwandiga, kazi ilianza kwa ugomvi wa upande mmoja.

"Bibi, naomba leo tusizinguane," Yusta aliiambia ile darubini, akiipiga kofi dogo ubavuni. "Nipe picha yangu nikanywe chai."

Darubini ilikoroma, ikanywa mkupuo mwingine wa naitrojeni ya maji, ikaendelea na mambo yake.

"Ukimgombeza anapunguza mwendo," alisema Hamimu kutoka meza ya pili, kisha akarudi kwenye mluzi wake. Hamimu Mrisho, mtu wa Ujiji, alikuwa mwenzake wa kazi wa siku nyingi. Alianza kupiga mluzi baada ya kunywa matone ya Kitasa. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumsikia akipiga mluzi, hata kwenye harusi yake mwenyewe, ambako alikaa na uso wa mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Karibu watu wote wa Kigoma walikuwa wamekunywa. Kitasa kilikuwa protini iliyobuniwa na wanadamu: tone kwenye kijiko, na mwili unajifunza kuitengeneza wenyewe na kuipachika kwenye utando wa chembe za damu, palepale ambapo kidudu cha malaria hupenda kupenyeza kichwa. Kidudu kinafika, kinakuta pamefungwa, kinakufa njaa. Vyandarua vya wilaya nzima viligeuzwa vya kufunikia vifaranga. Yusta peke yake alilala bado ndani ya chandarua, maana kanuni ya Nyumba ya Tando ilikuwa moja na ngumu: anayepima hanywi anachokipima, na Hamimu alihesabiwa fundi wa mashine tu. Ndiyo sababu alikuwa pia mtu pekee sokoni Mwandiga aliyegombana na wauza nyanya. Alikuwa amelitambua hilo muda mrefu, na lilikuwa limeanza kumnyima raha.

Si kwamba malaria ilirudi. Malaria ilikwisha. Kilichomkosesha raha ni kwamba baraza la usuluhishi la kata halikuwa limepata kesi hata moja tangu masika, na mwenyekiti wake alikuwa amefungua kibanda cha chipsi.

"Hii hapa," alisema Hamimu. Mluzi ulikatika.

Picha ilijikunja na kujikunjua hewani katikati ya chumba, kubwa kiasi cha mtu kuizunguka. Utando wa seli ulionekana kama ulivyo, safu mbili za mafuta zilizogeuziana migongo, na katikati yake Kitasa kimezama hadi mabegani. Yusta alikizunguka taratibu. Alichuchumaa. Akasimama, akainamisha kichwa chake upande mmoja ili kilingane na alichokiona.

"Hamimu, mimi ndiye niliyepinda au ni hiki?"

"Ni hiki," alisema Hamimu. "Kimeinama."

Wabunifu wa Kitasa, huko kiwandani mbali, walikuwa wamekipima kwa njia ya wenye haraka. Unaosha seli kwa sabuni maalumu, mafuta ya utando yanayeyuka, protini inabaki peke yake, unaigandisha na kuipiga picha. Shida ni kwamba protini ya utando haijazoea kuwa peke yake. Imeishi maisha yake yote ikibanwa na mafuta pande zote, na ukiivua hadharani inasimama wima na kukakamaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kiwanda kilipata picha nzuri ya Kitasa kilichosimama wima, kikaitundika ukutani na kuanza kuuza.

Yusta hakutumia sabuni. Alitumia dawa waliyoiita mkasi, inayokata kiduara cha utando pamoja na protini iliyomo na mafuta yake yote, vile mpishi anavyokata maandazi kwa mdomo wa glasi. Kisha alitumia tando za watu halisi. Wakazi wa Mwandiga waliojitolea walitoa damu. Nyumba ya Tando ikazikuza zile chembe mpaka zikawa za kila aina, za ini, za ngozi, za fahamu. Kila kichupa kilifungwa ushanga wa rangi badala ya jina, ili anayepima asijue anampima nani. Vichupa vyote vilikuwa vimekubali kazi isipokuwa viwili. Chenye ushanga mwekundu kilikuwa na vitasa maradufu ya wenzake. Chenye ushanga wa buluu hakikuwa na kitasa hata kimoja, na Hamimu alishikilia kwamba Yusta alikimwaga akakijaza maji ya bomba akidhani haonekani.

"Weka mafuta ya alizeti," alisema Yusta.

Walilisha seli mpya mafuta ya alizeti, wakangoja zijijenge upya, wakapiga picha. Kitasa kilisimama wima. Wakalisha mawese, yaleyale mekundu ya sokoni. Kitasa kiliinama tena, na pembeni mwa shingo yake ukafunguka ufa mwembamba mno, na chumvi ikawa inapita polepole, chembe baada ya chembe.

Kiwandani hakuna aliyekula mawese. Hapa mtoto anaonjeshwa mawese kabla hajaota meno, na mafuta anayokula mtu miaka nenda rudi yanaishia kwenye kuta za seli zake. Hakuna aliyefikiria kuuliza watu wa Mwandiga wameumbwa kwa mafuta gani.

"Kwenye damu ufa huu hauna neno," alisema Yusta, akijisemea zaidi kuliko kumsemesha mwenzake. "Lakini Kitasa kinakaa pia kwenye chembe za fahamu, na huko..."

"Hasira inakuja na msukumo wake," Hamimu alimalizia, "ikifika mlangoni, msukumo umeshavuja."

Aliketi. Akajitazama mikono.

"Ndiyo maana nacheka," alisema.

"Sasa hivi unajisikiaje?"

"Vizuri! Ndilo linaloniudhi. Najaribu kuudhika na nashindwa." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Daktari, lazima tuwaambie watu. Watu wamepewa dawa ya malaria, wamebadilishwa tabia na hawajui. Lakini angalia: mimi ninayesema hivi kwa utulivu huu wote, sijui kama nimetulia kwa kuwa niko sahihi au kwa kuwa kitasa changu kinavuja. Kwa hiyo amua wewe. Wewe ndiye uliyebaki mzima, ingawa una mdomo mchafu."

Yusta alizima picha. "Nipe mpaka Jumatatu," alisema, na hakusema kwa nini.

*

Sababu ilikuwa hii. Nyumba ya mama yake Yusta na nyumba ya mama yake mdogo zilitenganishwa na ua mmoja wa minyaa. Mama yake aliitwa Bukuru na mama mdogo Butoyi, na kwa Waha hapo umeshaambiwa kila kitu: ni pacha, na Bukuru ndiye aliyetangulia. Walifanana kiasi kwamba marehemu baba yao aliwatofautisha kwa kuwaita wote wawili na kuona ni nani aliyechelewa.

Kisha Yusta akazaliwa. Butoyi, ambaye hakujaliwa mtoto, alijua bila kuambiwa kwamba yeye ndiye atakayekuwa mama wa ubatizo. Alishona gauni jeupe. Alipika sufuria kubwa. Siku ikafika, na Bukuru akamsimamisha mke wa katekista. Sababu aliyoitoa ilikuwa na mantiki kabisa: Butoyi tayari ni mama mdogo, ya nini apewe umama mara mbili? Butoyi alibeba sufuria yake ikiwa haijafunuliwa, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hawakusemeshana.

Walimsemesha Yusta. Utoto wake wote aliupitisha kwenye upenyo wa ule ua.

"Mwambie mama yako mbuzi wake yuko kwenye mihogo yangu."

"Mwambie mama yako mdogo mbuzi namwona, sijapofuka."

Na yeye alirudia kila neno, akigeuka huku na huku, ingawa wote walikuwa wamesimama pale wakisikia. Alipokuja kusomea tando za seli, na zile protini zinazokaa katikati zikipitisha vitu huku na huko, alihisi ameisoma kazi hiyo zamani.

Halafu matone yakaja. Siku chache baadaye Butoyi alitokea mlango wa jikoni wa dada yake na sufuria mkononi, akagonga, akasema, "Bukuru, nimekumbuka baba alivyokuwa akituita, nimecheka peke yangu mpaka nikaona aibu." Mlango ulifunguka. Tangu hapo kila Jumamosi walikamua mawese pamoja, na kelele zao zilisikika barabarani.

Yusta alikuwa amelia siku ile, kwa furaha, chini ya chandarua chake. Na sasa alijua ni kwa nini sufuria ile ilivuka ua. Akipeleka taarifa, kitasa kitanyooshwa, na ua utafungwa tena. Asipoipeleka, maelfu ya watu wataendelea kupenda na kusamehe bila kujua ni nani anayependa ndani yao. Aliipenda kazi yake. Aliwapenda wale wazee wawili zaidi, na alijichukia kidogo kwa kujua hivyo.

*

Jumamosi aliwakuta nyuma ya nyumba, pipa la chikichi likichemka, Butoyi akiengua mafuta na Bukuru akimkosoa.

"Unachota na maji."

"Nachota na maji kwa sababu unanisogeza kiwiko."

"Mama. Mamdogo," alisema Yusta. "Shikamooni. Nina jambo."

Butoyi alitupa upawa akapiga vigelegele. "Nilisema! Ni nani? Yule wa Ujiji mwenye mluzi?"

"Hamimu ana mke, mamdogo."

"Basi mwingine. Mwache aseme, Bukuru, usimkatishe."

"Mimi nimesema nini?" alisema Bukuru.

Ilibidi Yusta acheke, na kwa sababu alicheka, aliweza kusema. Aliwaeleza palepale kwenye pipa, akiwaonyesha mafuta yalivyotanda juu ya maji: kila chembe ya mwili ina ngozi ya mafuta kama hii, Kitasa kinakaa humo, na mafuta yakiwa ya mawese Kitasa kinainama, na kikiinama hasira inavuja. Alisema polepole. Mwishoni alisema lile alilokuja kulisema, akitazama chini: kwamba huenda hata kule kupatana kwao kulitoka kwenye kijiko cha zahanati.

Butoyi hakucheka. Alikaa kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza tangu matone, uso wake ulikuwa ule wa zamani wa upande wa pili wa ua.

"Kwa hiyo si mimi niliyesamehe," alisema. "Ni matone."

"Sijui, mamdogo. Ndiyo maana nimekuja kwenu kwanza."

Bukuru aliendelea kukoroga. Alikoroga sana, kuliko pipa lilivyohitaji.

"Mimi sikunywa," alisema.

Walimgeukia wote wawili.

"Msinitazame hivyo. Nilikwenda. Nilipanga foleni. Ile mashine yao ya kutambua nyuso ikanitazama, ikasema: Bukuru ameshapata dozi, apishe mwingine. Nikajua pale pale ni nani aliyepata."

Butoyi alifumba mdomo kwa kiganja. "Iliniita Bukuru," alisema. "Nikanywa. Jioni wakanifuata nyumbani kwamba Butoyi hajapata. Nikanywa tena."

"Mamdogo! Mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Ningelazimika kusema, huyo mnayemsema ni dada yangu. Nilikuwa nimeapa jina lake silitaji."

"Na wewe, Mama?"

"Ningesema hivyo hivyo," alisema Bukuru. "Yule ni ndugu yangu, mmetukosea. Mbele ya foleni nzima? Nikaona afadhali malaria."

Wote wawili walikuwa wametoa damu Nyumba ya Tando. Yusta aliona vichupa viwili kama vimewekwa mbele yake, chenye ushanga mwekundu na vitasa vyake maradufu, na cha buluu, kitupu, ambacho alikuwa amekiosha na kukirudia mpaka Hamimu akamwita mharibifu. Alianza kucheka, akashindwa kuacha. Alilazimika kushika nguzo ya jiko.

"Na ile neti kitandani kwako? Ulisema ni ya kuzuia vumbi!"

"Inazuia na vumbi," alisema Bukuru.

Kicheko kilipomwishia, swali likabaki, na lilikuwa kubwa. Yusta alilisema kwa sauti ndogo. "Lakini Mama, kama hukunywa, mbona ulimfungulia?"

Bukuru aliacha kukoroga.

"Aligonga," alisema. "Miaka yote ile nilikuwa nasikiliza kama atagonga. Kila nikisikia hatua kwenye minyaa nilikuwa nasema, leo. Siku hiyo akagonga. Ulitaka nifanyeje, nimuulize kwanza amekunywa nini?"

Butoyi alijifuta macho kwa pindo la kitenge, na moshi ulisingiziwa.

"Basi ya kwako ni yako," alimwambia dada yake hatimaye. "Ya kwangu ni ya kiwanda. Hapo ndipo panaponiuma. Wewe ulinifungulia kwa moyo wako, mimi nililetwa na dozi mbili." Akamgeukia Yusta, akamshika mkono kwa vidole vyake vya mafuta. "Peleka taarifa yako, mwanangu. Nataka nijue anayegonga ni nani."

"Na ukinuna tena, mamdogo?"

"Nikinuna nimenuna. Angalau nitakuwa mimi."

Bukuru aliokota upawa ulioanguka, akaupangusa, akamrudishia. Yusta aliona kwamba mama yake anaogopa.

*

Taarifa ilikwenda Jumatatu, ikiwa na majina mawili chini yake. Mkutano wa hadhara ulifanyika uwanja wa shule, na ulikuwa mkutano wa amani kuliko yote iliyowahi kuitishwa kuhusu watu kudanganywa, jambo ambalo Hamimu alisema ni ushahidi tosha. Kiwanda kilitengeneza Kitasa kipya, safari hii kikakipima ndani ya mafuta ya Mwandiga yenyewe, na kikasimama wima. Ikaamuliwa kila mtu achague: apewe kipya, au abaki na cha zamani akijua anachobaki nacho. Wengi walichukua kipya. Wachache walibaki, na mama mmoja mwenye wakwe wengi aliomba dozi ya ziada ya kile cha zamani, akakataliwa. Mwenyekiti wa baraza aliuliza kama arudishe viti.

Bukuru alipata dozi yake ya kwanza. Mara hii Butoyi alisimama nyuma yake kwenye foleni, na mashine ilipobabaika alipaza sauti ili kila mtu asikie: "Huyo ni Bukuru, dada yangu! Mimi ndiye Butoyi, aliyefuata!"

Kisha Kitasa cha zamani kikaanza kufifia kwa walioacha, taratibu. Hamimu alikuja kazini siku moja bila mluzi, akamtukana Bibi Baridi kwa maneno ambayo Yusta hakudhani mwenzake anayajua, akaomba radhi, akaonekana amefurahi sana.

Butoyi hakuja Jumamosi ya kwanza. Wala iliyofuata. Bukuru alichemsha chikichi peke yake, akajikosoa mwenyewe. Hakwenda kugonga upande wa pili. Alimwambia Yusta, "Ameomba ajue, mwache ajue," na mlango wa jikoni aliuacha ukiwa umeegeshwa tu, hata mvua iliponyesha.

Jumamosi ya tatu Yusta alikuwa karibu na ua akianika nguo aliposikia hatua kwenye minyaa. Mama yake mdogo alikuwa amesimama kwenye ule upenyo, amekunja uso, midomo imebana. Uso ule Yusta aliufahamu toka utotoni.

"Mamdogo, shikamoo."

"Marahaba. Nimeamka na hasira zangu zote," alisema Butoyi. "Zote, hakuna iliyokosekana. Nimekumbuka lile gauni jeupe. Nimekumbuka mke wa katekista na kofia yake. Wiki ya tatu sasa nagombana na ukuta."

"Pole, mamdogo."

"Mwambie mama yako," alisema Butoyi, kwa sauti ileile ya zamani, na jikoni sauti ya upawa ikanyamaza. Yusta alishika kamba ya nguo.

"Nimwambie nini?"

Butoyi aliinua sufuria iliyokuwa imefichwa nyuma ya minyaa, kubwa, yenye mfuniko, akaikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Mwambie mlango aufungue mwenyewe. Leo siwezi kugonga, mikono imejaa."

Yusta aligeukia jikoni ili arudie ujumbe neno kwa neno, kama alivyozoea, na akakuta hakuna haja. Mama yake alikuwa ameshatoka nje, mbio, na upawa mkononi.